Ujerumani: Kutoka Kibali cha Kuajiriwa hadi Kibali cha Kujiajiri

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunakaa na jambo ninaloulizwa mno na Watanzania, Wakenya na Wakongo tulio nao huku Ujerumani: "Dada, nina kibali cha mtaalamu, mkataba wa kazi unakaribia kuisha, nataka kujiajiri. Kibali kitaongezwa?" Kinaongezwa. Lakini njia yake ina utaratibu, na wengi wanaumia kwa sababu wanaanzia mwisho. Wanamwandikia mwajiri barua ya kuacha kazi, halafu ndiyo wanakimbilia ofisi ya wageni. Sisi tutakwenda kinyume chake. Barua ya kuacha kazi iache kwenye droo mpaka nikwambie uitoe.

Kwanza, chukua kadi yako ya kibali uiweke mezani, kama mimi hapa. Soma kifungu cha sheria ya ukaazi kilichoandikwa juu yake. Kikiwa 18a, ulipewa kwa cheti cha ufundi. Kikiwa 18b, ni kwa shahada. Kikiwa 18g, una Blaue Karte, ile kadi ya bluu ya Ulaya. Sasa tazama maneno haya madogo: siehe Zusatzblatt, yaani angalia karatasi ya nyongeza. Ni ile karatasi ya kijani iliyokunjwa uliyopewa pamoja na kadi, ambayo watu wengi wameiacha ndani ya bahasha tangu siku ya kwanza. Itafute, ifungue. Tunatafuta maneno selbständige Tätigkeit, yaani kazi ya kujiajiri. Yakifuatiwa na nicht gestattet au nicht erlaubt, maana yake huruhusiwi kumtoza mteja hata euro 50 kwa jina lako. Wapo wanaosema, "Ah, ni kazi ndogo ya wikiendi, nani atajua?" Jamani, ankara ni karatasi, na karatasi hukaa. Kujiajiri bila ruhusa ni kosa lenye faini, na afisa atakayesoma ombi lako baadaye ndiye huyohuyo atakayeona tarehe za ankara zako.

Hatua ya pili ni kuhesabu miezi, na hapa naomba tusikimbie, kwa sababu ndipo ninapoona watu wakipoteza kilicho chao. Mwenye Blaue Karte anaweza kuomba Niederlassungserlaubnis, kibali cha kudumu, baada ya miezi 27 ya kazi na michango ya pensheni akiwa na Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo. Akiwa na B1, ngazi ya kati, ni miezi 21 tu. Mtaalamu wa 18a au 18b anaweza kuomba baada ya miaka 3 na michango ya miezi 36. Kama alisoma chuo au ufundi hapa hapa Ujerumani, ni miaka 2 na michango ya miezi 24. Ukishakuwa na kibali cha kudumu, unaruhusiwa kufanya kazi yoyote: kuajiriwa, kujiajiri, kufungua duka, vyote. Hakuna wa kukuuliza andiko la biashara wala barua za wateja.

Sasa fikiria mtu aliye mwezi wa 19, ana B1 mkononi, na anaacha kazi kwa hasira ya bosi. Amebakiza miezi miwili! Anaingia mlango mgumu wakati mlango mpana ulikuwa karibu kufunguka. Kwa hiyo iandikie Deutsche Rentenversicherung, mfuko wa pensheni wa umma, waombe Versicherungsverlauf. Ni orodha ya miezi yako yote ya michango, na hailipiwi. Ikifika, hesabu kwa kidole mwezi kwa mwezi. Kama umekaribia, vumilia, uombe kibali cha kudumu ukiwa bado kazini, na usiache kazi kabla ya kupata jibu.

Kama umebakiza mbali, au kampuni ndiyo inayofunga, tuendelee.

Hatua ya tatu, ujue unaingia mlango gani. Sheria ya kujiajiri ni kifungu cha 21, nacho kina milango kadhaa. Wajerumani wanatenganisha Freiberuf na Gewerbe, na tofauti hii inabadilisha karibu kila kitu. Freiberuf ni kazi ya taaluma inayotegemea elimu au kipaji chako mwenyewe: daktari, mhandisi, msanifu majengo, mwandishi wa habari, mwalimu, msanii, mkalimani, mfasiri. Gewerbe ni biashara: duka, mgahawa, usafirishaji, kuuza bidhaa kwa intaneti. Mwenye Freiberuf anapita ibara ya 5. Atatakiwa kuonyesha kwamba kazi ina wateja, kwamba itamlisha bila msaada wa serikali, na kwamba ana leseni ya taaluma pale inapohitajika. Mwenye Gewerbe anapita ibara ya 1, nayo ni nzito zaidi: biashara iwe na manufaa ya kiuchumi au ihitajike eneo lile, mtaji uwepo, na mara nyingi andiko lako litapelekwa kwa chemba ya biashara, IHK, watoe maoni. Dada zangu mnaotaka kufungua saluni, sikilizeni hapa: kazi ya unyoaji na utengenezaji nywele iko kwenye orodha ya fani ambazo kwa kawaida zinadai cheti cha Meister, yaani fundi bingwa. Ulizeni chemba ya mafundi, Handwerkskammer, kabla ya kulipia pango la chumba.

Kama ulisoma chuo kikuu cha Ujerumani, au una kibali cha mtafiti, ipo ibara ya 2a. Wewe hudaiwi yale masharti ya ibara ya 1, ila biashara yako lazima ihusiane na ulichosomea au ulichotafiti.

Halafu kuna ibara ya 6, ambayo naipenda kuliko zote na wachache wanaijua. Inakuruhusu kubaki na kibali chako cha kuajiriwa na kuongezewa ruhusa ya kujiajiri pembeni. Kazi inabaki, mshahara unabaki, michango ya pensheni inaendelea kuhesabiwa, na jioni unatafuta wateja wako kihalali. Mkataba wako wa kazi usome pia, kwa sababu waajiri wengi wanataka wajulishwe. Kwa mtu ambaye hana haraka, ushauri wangu ni huo: anzia ibara ya 6, jenga wateja mwaka mmoja, ndipo uombe kuhamia kwenye kujiajiri moja kwa moja. Utakuwa na ankara halisi za kuonyesha, na ankara iliyolipwa ina nguvu kuliko ahadi yoyote.

Sasa tukusanye karatasi. Pasipoti, kadi, mkataba wa nyumba, wasifu wako, vyeti vilivyotafsiriwa, uthibitisho wa bima ya afya. Hayo mnayajua. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: barua za wateja na hesabu ya mapato.

Barua ya mteja nitaionyesha kwa karibu. Nachukua mfano wa mkalimani wa Kiswahili, kwa kuwa wapo wenzetu wanaoifanya kazi hii kwenye mahakama, hospitali na ofisi za wakimbizi wanaoomba hifadhi. Hapa juu pana nembo na anwani ya ofisi inayotaka huduma. Kisha: "Tuna nia ya kumtumia Bi. fulani kama mkalimani wa Kiswahili na Kijerumani, takriban saa 20 kwa mwezi, kwa euro kadhaa kwa saa, kuanzia mwezi fulani." Sahihi na tarehe. Basi. Barua inayosema tu "ni mtu mwema, tunamtakia mafanikio" haina kazi. Ofisi ya Berlin inataka angalau barua mbili za namna hii, na mimi nasema leta tatu.

Mimi mwenyewe nilikwenda na barua moja tu, ya kampuni niliyokuwa nimeajiriwa. Niliona inatosha, kwa sababu ilikuwa na saa nyingi. Afisa aliisoma, akaniuliza kwa upole: "Kwa hiyo utafanya kazi ileile, ofisi ileile, bosi yuleyule?" Nikanyamaza. Jambo hilo wanaliita Scheinselbständigkeit, kujiajiri kwa jina tu, na wanalikataa, maana mwajiri anakwepa michango ya bima. Faili langu likarudi nami nyumbani. Ilinichukua wiki sita kupata wateja wengine wawili walio tayari kuweka sahihi. Kwa hiyo anza kuzitafuta hizo barua mapema.

Hesabu ya mapato sasa. Ukiwa umeajiriwa, bima ya afya mnagawana na mwajiri. Ukijiajiri, yote ni yako. Ukibaki kwenye bima ya umma kwa hiari, tenga karibu moja ya tano ya faida yako kwa bima ya afya na ya matunzo. Tuseme nyumba ni euro 750, chakula na usafiri 450, akiba ya uzeeni 150. Jumla 1,350. Mtu huyu akiandika kwamba anatarajia faida ya 1,400, afisa ataona mara moja kwamba hela haitoshi. Anahitaji faida ya kama 2,000: bima inakula kama 400, kodi ya mapato kidogo zaidi ya 100, ndipo anabaki na cha kuishi. Na hiyo ni faida, yaani baada ya kutoa kompyuta, simu na nauli za kazi.

Usijaze tarakimu moja miezi 12 yote. Hakuna biashara inayokwenda hivyo, na msomaji wa faili anajua. Agosti watu wako likizo, Januari malipo yanachelewa. Andika hivyo, na uonyeshe akiba benki ya kuvukia miezi hiyo. Waliopita miaka 45 waongeze uthibitisho wa pensheni ya kutosha, maana sheria inawataka.

Hatua inayofuata ni kupeleka ombi, na lifike kabla kibali cha sasa hakijaisha. Hata siku moja kabla ni afadhali kuliko siku moja baada, ingawa mimi napendekeza miezi mitatu. Ukiwahi, kibali chako cha zamani kinahesabiwa kuendelea mpaka wakujibu, na unaweza kupewa karatasi ya kuthibitisha hilo, Fiktionsbescheinigung. Elewa vizuri: kinaendelea na masharti yake yaleyale. Kama kilikuwa cha kuajiriwa tu, endelea na kazi yako. Kujiajiri bado. Ada ya kubadili lengo la ukaazi ni euro 98 kwa kawaida.

Na kama kazi imeisha kabla ya wakati, una wiki 2 za kuijulisha ofisi ya wageni. Mwajiri naye ana wiki 4 za kutoa taarifa kwao. Usikae kimya ukidhani hawajui.

Jibu likija, soma karatasi mpya ya nyongeza neno kwa neno. Mara nyingi wameandika aina ya kazi uliyoruhusiwa, kwa mfano ukalimani na tafsiri. Kuuza vitenge si ukalimani, hata kama wateja ni walewale. Kibali hutolewa kwa miaka isiyozidi 3. Sasa ndiyo toa ile barua kwenye droo, uangalie muda wa notisi kwenye mkataba, uipeleke.

Wiki hiyohiyo piga simu kwa bima uwaambie tarehe ya mabadiliko. Mwenye Gewerbe aende kujiandikisha Gewerbeamt, ofisi ya usajili wa biashara. Wote wawili tuingie ELSTER, tovuti ya kodi, tujaze fomu ya kuanza kazi ndani ya mwezi mmoja. Nafungua hapa. Sehemu hii wanauliza faida unayotarajia mwaka huu. Andika kiasi kinacholingana na hesabu uliyopeleka ofisi ya wageni. Ukiweka kikubwa kwa kujitutumua, utaletewa kodi ya kulipa kabla, kila tarehe 10 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hela ambazo bado hujazipata. Chini kidogo ni kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka wa kuanza, mauzo yakiwa hayatapita euro 25,000, unaweza kuchagua kuwa Kleinunternehmer, yaani mfanyabiashara mdogo, na hutaitoza.

Namba ya kodi ikifika kwa posta, andika ankara ya kwanza: jina na anwani yako, za mteja, namba ya kodi, tarehe, namba ya ankara inayofuatana, kazi uliyofanya na lini, na kiasi. Kama ni Kleinunternehmer, ongeza sentensi kwamba hutozi kodi ya ongezeko la thamani kwa mujibu wa kifungu cha 19 cha sheria ya kodi hiyo. Nakala ya kila ankara, pamoja na ukurasa wa benki unaoonyesha imelipwa, weka kwenye faili moja tangu siku ya kwanza. Kibali kikikaribia kuisha, faili hilo na hati ya kodi ya kila mwaka kutoka ofisi ya kodi ndivyo vitakavyoombwa, na Berlin wanataka pia taarifa ya mapato iliyojazwa na mshauri wa kodi. Video ijayo nitalifungua faili langu, tulipitie ukurasa kwa ukurasa.