Kuku Hawatagi? Kabla ya Kununua Dawa, Mshike Mkononi

Haya, karibuni tena bandani. Leo nina kuku sita, tochi, bakuli la maji ambalo kazi yake mtaiona mwishoni, na huyu mweusi niliyempakata hapa. Huyu ana wiki mbili hajanipa yai hata moja. Au ndivyo ninavyodhani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kuku wangu wamegoma kutaga, niwape dawa gani?" Na mimi huuliza: umemshika? Watu wengi wanakimbilia chupa ya vitamini wakati majibu yote yamo mwilini mwa kuku mwenyewe. Kwa hiyo leo tunaanza na mikono.

Hatua ya kwanza. Mchukue kuku jioni akiwa ametulia, hapo hakusumbui. Pitisha kiganja chini ya kidari, miguu yake ibane katikati ya vidole vyako, kichwa kielekee kwenye kiwiko chako. Mkono wa pili uko huru. Sasa inua mkia taratibu. Sogeza kamera hapa, karibu kabisa. Mnaliona hili tundu la kutagia? Ni pana, lina unyevu, rangi yake imepauka. Kuku ambaye hatagi, tundu lake huwa dogo, kavu, limejikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba.

Pembeni ya tundu kuna mifupa miwili ya nyonga, ncha zake unaziona kwa kupapasa. Weka vidole katikati yake. Vikiingia viwili au vitatu, kuku anataga. Kikiingia kimoja kwa taabu, amesimama. Kisha pima kutoka hapo hadi mwisho wa mfupa wa kidari: kwa anayetaga unapata vidole vitatu au vinne vya tumbo laini. Ukikuta tumbo gumu lililojaa mafuta, hilo nalo ni jibu, tutalirudia kwenye chakula.

Kama kuku wako ni wa aina yenye miguu ya manjano, una kalenda ya bure. Anapotaga, ile manjano ya mwilini huenda kwenye kiini cha yai, na mwili unapauka kwa mpangilio: kwanza tundu, halafu ukingo wa jicho, halafu mdomo, mwisho kabisa miguu. Akiacha kutaga, rangi inarudi kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo ukikuta tundu la manjano lakini miguu bado imepauka, ujue ameacha juzijuzi tu. Ukikuta mdomo na miguu vyote vimeiva manjano, huyo ana muda mrefu hajakuletea kitu.

Sasa huyu mweusi miguu yake ni ya kijivu, kalenda hiyo hana. Lakini vidole vimeingia viwili na nusu, tundu lina unyevu, upanga kichwani mwekundu, una joto. Mama huyu anataga! Swali ni anataga wapi. Tumwache kwanza kwenye tenga, tutamfuata kesho asubuhi.

Usihesabu siku moja kuwa ni mgomo. Yai moja linachukua kama saa 25 au 26 kutengenezwa, na takribani saa 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake. Ndiyo maana kila siku anachelewa kidogo kuliko jana, mpaka inafika siku anaruka. Hiyo ni kawaida.

Nimshike wa pili, huyu wa madoadoa. Tundu kavu, kidole kimoja. Huyu kweli ameacha. Tazama shingo yake, imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa nusu akatoroka. Nikipuliza manyoya hivi, mnaona hivi vijiti vidogo vya bluu vinavyochomoza kwenye ngozi? Hayo ni manyoya mapya bado yamo kwenye ala yake, ndani yana damu, na yanauma yakiguswa. Ndiyo maana kuku wa hivi hapendi kushikwa, namrudisha haraka. Huyu anabadilisha manyoya. Huanzia kichwani na shingoni, yakashuka mgongoni, mabawani, hadi mkiani. Manyoya karibu yote ni protini, na mwili hauwezi kujenga koti jipya na yai kwa wakati mmoja. Mpe miezi miwili au mitatu. Mwongezee protini, usimhamishe, usimtishe, basi. Hakuna dawa ya jambo hili kwa sababu si ugonjwa.

Ila tofautisha: ukiona mgongo una upara lakini hakuna vijiti vipya, bali mabua yaliyovunjika, hapo ni jogoo anampanda mno au wenzake wanamdonoa.

Wa tatu hahitaji hata kushikwa. Msikie! Nimenyoosha mkono tu kwenye kiota, ametuna kama mto na anakoroma. Mweupe huyu anaatamia, na chini yake hakuna yai hata moja, nimeshayatoa yote. Kuku akiingia kwenye hali hii homoni zake zinazima kutaga. Ukitaka vifaranga, mwekee mayai yenye mbegu na umwache siku zake 21. Hutaki? Basi mtoe. Mimi hutumia kizimba chenye sakafu ya waya, kimeinuliwa kutoka chini ili hewa ipite tumboni, chakula na maji vimo, matandazo hamna. Siku tatu au nne zinatosha kwa wengi. Usimchovye kwenye ndoo ya maji baridi kama wengine wanavyofundisha, ni kumtesa bure. Akitoka humo bado atachukua wiki moja hadi tatu kurudi kazini.

Sasa twende kwenye vyombo. Nitakaa hapa kwenye maji kidogo kwa sababu hapa ndipo mayai mengi yanapopotelea. Ukitoa ganda, robo tatu ya yai ni maji. Kuku mmoja anakunywa kama robo lita kwa siku, na joto likiwa kali anaweza kufika nusu lita. Akikosa maji siku moja tu, anaweza kukunyima mayai siku kadhaa. Tumbukiza kidole kwenye chombo chako saa nane mchana. Maji ni ya vuguvugu? Ukipitisha kidole ukutani mwa chombo kinateleza? Wewe ungeyanywa? Hamishia kivulini, sugua kila siku. Na weka chombo cha pili upande wa pili wa banda, maana katika kila kundi kuna mbabe anayekaa mlangoni mwa maji na wanyonge wanaogopa kusogea. Joto likipita nyuzi 30 wanaanza kuhema mdomo wazi, wanapunguza kula, na ganda la yai linakuwa jembamba.

Chakula. Kuku wa kutaga anahitaji gramu 100 hadi 120 kwa siku, chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, na kalsiamu karibu asilimia 4. Chakula cha kuku wa nyama au cha vifaranga hakina kalsiamu ya kumtosha. Kosa la nyumbani ni upendo: unampa chakula kizuri, halafu mchana unamwagia mabaki ya jikoni na nafaka tupu mpaka anashiba takataka. Hapo ndipo lile tumbo gumu la mafuta linapotoka. Mabaki yasizidi sehemu moja ya kumi. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, kwa hiyo mwekee maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo chake peke yake, kila mmoja ajichukulie anavyohitaji. Usiyachanganye kwenye chakula cha wote, jogoo na vifaranga hawayahitaji.

Usiku papasa gole lao, yaani mfuko wa chakula, hapa chini ya shingo. Jioni linapaswa kuwa limejaa, asubuhi liwe tupu. Gole tupu jioni maana yake kuna anayenyimwa.

Mwanga nitausema haraka. Kuku hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Wanaoishi karibu na ikweta wana kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mayai yakikatika ghafla, tafuta sababu nyingine. Walio mbali na ikweta ndio wanaoona mayai yakikauka siku zinapofupika. Ukiamua kuweka taa, ongeza muda wa alfajiri na si wa usiku, kwa sababu taa ikizimika ghafla kuku wanabaki sakafuni gizani hawaoni fito za kulalia. Binafsi siweki taa. Nawaacha wapumzike.

Chukua tochi sasa, tumeingia usiku. Mulika kwenye ncha za fito, pale zinapokutana na ukuta. Utitiri mwekundu unajificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku, ndiyo maana ukimkagua kuku mchana huoni kitu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya fito hivi... mnaona haya madoa mekundu niliyoyaponda? Ni damu ya kuku wangu. Kesho fito zote zinatolewa, zinasuguliwa, nyufa zinapuliziwa dawa, na baada ya wiki narudia, kwa kuwa mayai ya utitiri huanguliwa baadaye. Chawa wao hukaa kwenye kuku mwenyewe, mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya kuzunguka tundu. Dawa yoyote utakayotumia, soma kwenye kibandiko siku ngapi mayai hayaliwi.

Yako mambo ambayo hayasubiri video. Kundi zima likiacha kutaga kwa mara moja, huku wanapiga chafya, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, tenga wagonjwa na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kuku aliyesimama wima kama pengwini, anajikamua bila kutoa kitu, huenda yai limekwama. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika ishirini, kisha mweke mahali pa joto na giza. Usilibonyeze yai, likipasukia ndani unaweza kumpoteza.

Umri? Tembe, yaani kuku jike ambaye bado hajaanza kutaga, wa kisasa huanza karibu na miezi mitano, wa kienyeji miezi sita au zaidi. Baada ya mwaka wa kwanza idadi inashuka kila mwaka, na hilo huwezi kulibadilisha kwa chakula.

Kumekucha. Namfungulia mweusi, na mimi nimejibanza hapa. Kamera, kaa kimya. Anakula... anajifanya hana habari... anazunguka nyuma ya zile mbao. Dakika ishirini, kimya. Huyooo, sikia kelele za ushindi! Twende.

Moja, mbili, tatu... kumi na moja. Kumi na moja, jamani, na mimi nilikuwa karibu kununua dawa.

Sasa lile bakuli. Sijui yapi ni ya jana na yapi ni ya wiki mbili, kwa hiyo natumbukiza moja moja. Hili limelala chini kabisa, ni jipya. Hili limezama lakini limesimama, limekaa siku, nalila leo na nitalivunja kwenye kikombe kwanza. Hili limeelea, hewa imejaa ndani, linakwenda shimoni. Nyuma ya mbao naziba, kwenye kiota chake cha bandani naweka yai la bandia, na mweusi atabaki ndani mpaka saa nane mchana kwa siku tano.