Lord Infamous na mtindo wa tatu-tatu: hofu inayokaa kwenye mdundo

UPENDO: Karibuni kwenye kipindi. Tuko Arusha, mimi ni Upendo, niko na Elibariki, na leo tunamchambua mtu mmoja: Ricky Dunigan wa Memphis, Tennessee, aliyejulikana kama Lord Infamous.

ELIBARIKI: Machalii wengi wa mji huu wameshakutana na kazi za kwao bila kujua. Zile video za magari yanayoteleza kwenye kona, ngoma yenye kengele inayogonga juu ya besi nzito, ndiyo wanayoiita fonki. Mizizi yake ni kaseti za mtaani za Memphis, miaka ya 1990.

UPENDO: Wasifu wake tuupitie haraka. Amezaliwa 1973. Mwaka 1994 yeye na ndugu yake DJ Paul walitoa kanda ya Come with Me 2 Hell. Wakaungana na Juicy J na wenzao, kundi likawa Three 6 Mafia, na Mei 1995 ikatoka albamu ya Mystic Stylez. Kundi lilipochukua Oscar mwaka 2006, yeye hakuwa miongoni mwa waliopewa tuzo. Mwaka 2013 alirudi kufanya kazi na DJ Paul kwenye Da Mafia 6ix, na Desemba mwaka huohuo akafariki, ana miaka 40.

ELIBARIKI: Na tuseme wazi, hakuwa wa kwanza kuchana mambo ya kutisha. Geto Boys wa Houston na Esham wa Detroit walishafanya hivyo mwaka 1989. Gravediggaz wakaja 1994.

UPENDO: Ila hao hofu yao ilikaa kwenye maneno. Ukiyaondoa, kinachobaki ni rap kama rap nyingine.

ELIBARIKI: Kwa Gravediggaz sikubaliani nawe, dada. Kule kuna mkono wa RZA, yule prodyuza wa Wu-Tang Clan, na biti zake zinatisha zenyewe.

UPENDO: Sawa, biti nakupa. Lakini uchanaji? Infamous hata usiyejua Kiingereza unashtuka, kwa sababu kitisho kiko kwenye namna silabi zinavyotua. Hilo ndilo la kujifunza kwake.

ELIBARIKI: Basi tuingie humo. Rap ya kawaida inagawa pigo moja mara nne. Baa ina mapigo manne, unapata silabi 16. Aliyesoma ushairi shuleni anaiona palepale: mizani 16, nane za ukwapi, nane za utao. Mshororo mzima wa shairi unakaa ndani ya baa moja. Infamous yeye aligawa pigo mara tatu. Mizani 12 kwa baa, zinakwenda kama maombi yanayorudiwarudiwa.

UPENDO: Na Kiswahili kinaupokea mtindo huu vizuri sana, maana mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua "kaburi". Mkazo uko kwenye "bu".

ELIBARIKI: Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaanza neno juu ya pigo: KA-bu-ri. Sikio linakataa, neno linakuwa kama la mtu anayejifunza lugha. Silabi ya kwanza inatakiwa itangulie pigo. Chukua mstari huu tuliotunga kwa ajili ya kipindi: "Usiku mlango hulia wenyewe." Uhesabu taratibu: u-SI-ku, m-LA-ngo, hu-LI-a, we-NYE-we. Ile "u" unaitoa kabla baa haijaanza. "Si" inatua pigo la kwanza, "la" la pili, "li" la tatu, "nye" la nne. Baada ya "we" ya mwisho inabaki nafasi ya silabi moja, na hapo ndipo unapodandia mstari unaofuata.

UPENDO: Ile "m" ya mlango ni mizani kamili, msiimeze. Ukiimeza, kila kitu nyuma yake kinasogea na unamaliza mbele ya biti.

ELIBARIKI: Maneno ya silabi mbili ni rahisi, unayaunga kwa "na" au "ya" au "kwa": GI-za na MO-shi na. Lakini usiishi humo, utaishia kuorodhesha vitu kama unasoma bei sokoni. Kazi iko kwenye silabi nne. "Makaburi" ina silabi mbili kabla ya mkazo, kwa hiyo ukitoka kwenye neno kama "usiku" haiingii. Lipitishe pigo moja kimya, halafu useme "ma-ka" nyuma yake, "BU" itue pigo linalofuata.

UPENDO: Na pigo lile lililopita tupu linatisha kuliko neno lolote ungeliweka pale. Msikilizaji anabaki ananing'inia.

ELIBARIKI: Sasa kasi. Kwa mapigo 130 kwa dakika, baa inapita kwa sekunde 1.85 hivi. Baa 16 hazifiki nusu dakika, na ukijaza kila nafasi ni mizani 192.

UPENDO: Pumzi itakuishia kabla ya baa ya sita. Dalili yake ni sauti kuanza kupanda, na mtindo huu unataka sauti ikae chini, tambarare, kama mtu anayesoma hukumu. Kwa hiyo kila baa ya nne acha pigo la mwisho tupu, vuta hewa kwa tumbo. Fanyia mazoezi mapigo 100 kwanza, panda tano tano. Ukiona mkazo umeanza kuhama kwenye silabi yake, rudi ulikotoka.

ELIBARIKI: Tuje kwenye biti. Kengele ya fonki inatoka kwenye Roland TR-808, mashine iliyotengenezwa kuanzia 1980. Ndani yake ni mawimbi mawili ya mraba, moja hezi 540 hivi, yaani mitetemo 540 kwa sekunde, lingine 800. Hayapatani sawasawa kimuziki, na kengele inakereketa sikio. Maprodyuza wa fonki wanaipandisha na kuishusha mpaka inakuwa melodia.

UPENDO: Hapa kwetu kengele ya ng'ombe wa Wamasai ipo. Irekodi, ikate fupi, icheze noti mbili zilizo jirani kabisa, nusu toni. X Plastaz, kundi la rap la hapahapa Arusha, walishaonyesha mji huu kwamba uimbaji wa Kimaasai na rap vinakaa pamoja.

ELIBARIKI: Kaseti sasa. Mashine ya kurekodia ya njia nne ina nafasi nne tu za sauti. Zikijaa unazichanganya kwenda njia moja ili upate nafasi, na kila ukifanya hivyo sauti za juu zinafifia, mchakacho unaongezeka. Halafu kanda inadurufiwa kutoka kwenye nakala. Ule ukungu wa sauti kwenye kanda za Memphis haukuwa pambo.

UPENDO: Leo watu wanaweka programu ya kuchakaza juu ya wimbo mzima. Besi inavimba, maneno yanazama. Chakaza melodia na kengele peke yake, kata juu ya hezi 8,000. Sauti ya mchanaji iache safi. Na besi ya 808 iongezee ukwaruzo kidogo, kwa sababu spika ya simu haitoi sauti za chini kabisa. Bila ukwaruzo, kwenye simu besi haipo.

ELIBARIKI: Kuhusu maudhui, nina jambo moja na ninalisema kwa uzito. Usinakili hadithi za shetani za Memphis. Mumiani anatosha, watu wa pwani na bara wamemwogopa tangu ukoloni. Lakini ushirikina wa viungo vya binadamu uache kabisa. Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa kwa imani hizo. Hilo halichezewi kwenye vina.

UPENDO: Hapo naunga mkono kwa asilimia mia. Na kisanaa pia hauhitaji. Ule mlango unaolia wenyewe hauna tone la damu.

ELIBARIKI: Tumalizie na namna ya kurekodi sauti. Sauti kuu kwanza, karibu na maiki, kama kiganja kimoja, bila kupaza. Ikikubalika, rudia yote kwa kunong'ona, uiweke chini sana, kiasi kwamba ukiizima unahisi kitu kimepungua ila ukiiwasha huitambui. Ya tatu inagusa maneno ya mwisho wa baa tu.

UPENDO: Mnong'ono usipolingana na sauti kuu, zile "s" na "sh" zitasikika mara mbili. Zikate kwenye mnong'ono, usiguse sauti kuu. Haya, wiki ijayo ni zamu ya Esham.