Malkia wa Italia yuko juu ya Rwenzori, kafikaje?

Haya, tuangalie ramani. Mpaka wa Uganda na Kongo ukiufuata pale kwenye milima ya Rwenzori unapita kwenye kilele cha mita 5,109, kinaitwa Margherita. Huyo alikuwa malkia wa Italia, mjane wa mfalme Umberto aliyeuawa kwa risasi mwaka 1900.

Sasa ilikuwaje? Mwaka 1888 Stanley, yule mvumbuzi Mzungu, yuko huko upande wa Ziwa Albert na msafara wake, wengi watu wa kutoka Zanzibar, kijana mmoja akamwonyesha mlima, akaambiwa ule una chumvi juu. Jamaa kuangalia, akadhani wingu, kumbe theluji. Na wala si ajabu, maana Rwenzori siku nyingi imejifunika mawingu, unaweza ukakaa chini yake wiki nzima usiione.

1906 ndo akaja Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, na maguide wake kutoka Alps na wapagazi kibao, wakapanda bonde la Mubuku kwenye matope na mvua. Tarehe 18 Juni, karibu na juu, ukungu mzito, mbele ukuta wa barafu, basi guide mmoja, Ollier, akasimama akawa kama ngazi, mwenzake Petigax akamkanyaga mabegani mpaka kichwani, na mabuti yale ya misumari jamani! Wakatoboa.

Halafu Duke akaanza kugawa majina. Milima yenyewe akawapa wasafiri, Stanley, Speke, Baker, vilele akawapa wafalme na malkia, na kile kirefu kuliko vyote akampa Margherita, ambaye ni mke wa baba yake mkubwa. Yaani mambo ya familia kabisa!

Na Wakonzo je? Hao wameishi kwenye miteremko ile miaka yote, theluji wanaiita nzururu, na kwao huko juu ndo makao ya Kitasamba, mungu wao, na mwaka 1962 walipojitangazia ufalme wao wakauita Rwenzururu. Mimi sisemi Margherita afutwe, Duke na watu wake walipanda kweli, ila inaniuma mtoto wa Kasese, mji ulio chini ya milima hiyo upande wa Uganda, kumjua malkia wa Italia shuleni kabla ya Kitasamba, vitabu vianze na Kitasamba. Na tusichelewe, maana ile barafu aliyoipiga picha Vittorio Sella, mpigapicha wa msafara wa Duke, mwaka 1906 sehemu kubwa imeshayeyuka.