Dola tano za Ulaya na polisi wa Makedonia, 1903–1908

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, karibuni.

Leo tunazungumzia Makedonia, nchi ya milima na mabonde iliyo kaskazini mwa Bahari ya Aegea, ambayo sasa imegawanyika kati ya Ugiriki, Makedonia Kaskazini na Bulgaria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa bado mali ya Sultani Abdülhamid wa Pili, ndani ya mikoa mitatu ya dola ya Uthmaniya: Salonika, Monastir na Kosovo. Nimeichagua kwa sababu hapo dola tano za Ulaya ziligawana usimamizi wa polisi kama ndugu wanavyogawana shamba la urithi, kila mmoja na kipande chake, ilhali mwenye shamba bado yu hai.

Kisa chetu kinaanzia Berlin. Najua mkisikia jina hilo mnafikiria mkutano wa 1884 na 1885 uliohusu Afrika. Ulitanguliwa na mwingine katika mji huohuo, mwaka 1878. Urusi ilikuwa imeishinda Uturuki, yaani dola ya Uthmaniya, vitani na kuilazimisha, kwa mkataba wa San Stefano, kuiachia Bulgaria karibu Makedonia yote. Uingereza na Austria-Hungary zikakataa. Huko Berlin Makedonia ikarudishwa kwa Sultani, naye akaahidi katika kifungu cha 23 kwamba atafanya mageuzi. Miaka 25 ikapita bila mageuzi ya maana, na kwa muda wote huo Bulgaria, Ugiriki na Serbia zilikuwa zinajiandaa, kila moja kwa siku ambayo Makedonia itakatwa vipande.

Sasa mfikirieni mkulima. Beyi mwenye ardhi anataka sehemu yake ya mavuno. Mtoza kodi naye anagonga mlango. Usiku linashuka kundi la wapiganaji wa msituni kudai mkate, mchango na utiifu. Mtu aliyepaswa kumlinda ni jandarma, askari polisi mwenye nidhamu ya kijeshi. Waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wanawajua askari wa namna hiyo. Lakini mshahara wa jandarma wa Makedonia ulicheleweshwa miezi kwa miezi, na askari asiyelipwa hula kwa mwanakijiji. Karibu wote walikuwa Waislamu, na Mkristo aliyekwenda kushtaki hakuwa na matumaini makubwa ya kusikilizwa.

Februari 1903 Austria-Hungary na Urusi zilimpelekea Sultani mpango wa kwanza, na mojawapo ya mambo yaliyodaiwa ni Wakristo waingizwe katika jandarma. Sultani akakubali. Waliokataa ni Waalbania wa Kosovo, ambao kwao kumpa jirani Mkristo bunduki ya serikali kulikuwa kugeuza mpangilio wote wa nani anamwogopa nani. Kulikuwa na jambo jingine lililowakera: Urusi ilikuwa imefungua ofisi ya konsuli katika mji wa Mitrovica. Machi mwaka huo wakaushambulia mji, na baada ya mapigano konsuli huyo, Grigori Shcherbina, akapigwa risasi na askari Mwalbania. Alikufa kwa jeraha hilo.

Agosti 2, sikukuu ya Mtakatifu Eliya kwa kalenda ya zamani, chama cha siri cha mapinduzi kikaanzisha uasi uliopata jina la Ilinden. Jeshi la Sultani likauzima kwa moto, na maelfu ya watu wakabaki bila paa kuelekea majira ya baridi. Siku sita baada ya uasi kuanza, lilitokea tukio la Monastir. Naomba tulitazame kwa karibu.

Konsuli wa Urusi pale, Alexander Rostkovski, alikuwa akirudi mjini kwa gari la farasi. Alipita kituo cha askari, na kwa maelezo yaliyoenea, jandarma mmoja aitwaye Halim hakumpigia saluti. Konsuli akasimamisha gari, akamkabili kwa maneno makali. Halim akampiga risasi, akamuua. Urusi ikatuma manowari hadi pwani ya Thrakia kumshinikiza Sultani, na Halim akanyongwa. Tazameni uzito wa jambo lile: konsuli wa nchi ya kigeni anaona ni haki yake kusimama barabarani na kumtia adabu polisi wa mkoa, kana kwamba ni askari wake. Hiyo ndiyo nguvu waliyokuwa nayo makonsuli hata kabla haijaandikwa katika mkataba wowote.

Oktoba ikaandikwa. Kaisari Franz Joseph na Tsar Nicholas wa Pili walikutana Mürzsteg, kwenye nyumba ya mawindo huko Austria, na mawaziri wao Gołuchowski na Lamsdorf wakatunga mpango mpya. Mkaguzi Mkuu wa mikoa ile mitatu, Hüseyin Hilmi Pasha, akapewa mawakala wawili wa kiraia, Muaustria na Mrusi, wa kufuatana naye kila aendako na kumwonyesha malalamiko ya Wakristo. Jandarma ingepangwa upya chini ya jenerali wa kigeni. Sultani alisitasita, akakubali kimsingi mwezi Novemba.

Jenerali aliyeteuliwa alikuwa Mwitalia, Emilio De Giorgis. Kisha nchi ikakatwa: Waaustria wakachukua eneo la Üsküb, yaani Skopje ya leo, Warusi Salonika, Waitalia Monastir, Wafaransa Serres, Waingereza Drama. Hata mgawanyo huo ulikuwa wa kutegana. Italia ilitaka Monastir kwa kuwa iliogopa Austria isije ikajipenyeza Albania. Ujerumani haikuchukua eneo, maana ilitaka kubaki na urafiki wa Sultani. Katika hesabu zote hizo sioni mahali mkulima wetu alipoulizwa chochote.

Maofisa wenyewe nawatetea. Wengi walifanya kazi kwa bidii. Shule ya jandarma ilifunguliwa Salonika, mafunzo yakaboreka, na wala rushwa kadhaa wakaondolewa. Tatizo lilikuwa mamlaka. Sultani alipigania, akapata, kwamba maofisa wa kigeni wakague, wafundishe, washauri, ila wasiamuru. Ofisa Mwingereza kule Drama angeweza kuona kwa macho yake kwamba mshukiwa ameachiwa kwa sababu ya ujamaa na kaimakamu, yaani mkuu wa wilaya, akaandika ripoti, ripoti ikaenda kwa konsuli, kwa balozi Istanbul, hadi London. Mshukiwa naye yuko kwake anakunywa kahawa.

Fedha zikawa vita nyingine. Bila mishahara hakuna polisi, kwa hiyo dola zikadai kamati ya kimataifa ya kusimamia mapato ya mikoa ile. Sultani akapinga. Novemba 1905 meli za dola hizo, bila Ujerumani, zikaenda kisiwa cha Mytilene na kushika jengo la forodha. Desemba akasalimu amri.

Lakini sumu yenyewe ilikuwa katika kifungu cha tatu cha Mürzsteg. Kilisema kwamba nchi ikishatulia, mipaka ya utawala itabadilishwa ili mataifa yapangwe kwa utaratibu zaidi. Nadhani waliokiandika walidhani wanaleta amani. Sofia, Athens na Belgrade, yaani serikali za Bulgaria, Ugiriki na Serbia, walikisoma kwa njia moja tu: kijiji kitakachohesabika kuwa chetu leo, kesho ni ardhi yetu. Na kijiji kilihesabiwa kwa kanisa lake, kama linamtii Patriaki wa Kigiriki au Eksarki wa Kibulgaria. Basi makundi yenye silaha yakaanza kuongoa vijiji kwa bunduki. Aprili 1905 kundi la Wagiriki lilivamia Zagorichani, kijiji cha wafuasi wa Eksarki karibu na Kastoria, na kuua watu zaidi ya 60. Makundi ya Kibulgaria na ya Kiserbia nayo yalikuwa na damu mikononi.

Na nani alikuwa akiyaratibu makundi ya Kigiriki? Konsuli wa Ugiriki Salonika, Lambros Koromilas. Maofisa wa jeshi la Ugiriki waliletwa kwa majina ya uongo na kuorodheshwa kama makarani wa ubalozi mdogo. Kwa hiyo katika mji mmoja makonsuli wa dola kubwa walikuwa wakisimamia mageuzi ya polisi, na konsuli mwingine, kwa kinga ileile ya kidiplomasia, akiwaendesha watu ambao polisi hao walipaswa kuwakamata. Jandarma hata akijua, angeingiaje katika ofisi ya konsuli?

Dola ziling'amua kosa la kifungu hicho mwaka 1907. Vienna na St. Petersburg zikaziarifu serikali za Balkani kwamba vitendo vya makundi havitazingatiwa katika kupanga mipaka. Miaka minne ilikuwa imekwisha kupita, na makaburi yalikuwa yamejaa.

Waliokuwa wakiyatazama haya kwa uchungu mkubwa ni maofisa vijana wa jeshi la Uthmaniya waliokaa Monastir na Salonika. Walilala katika kambi za hovyo, mishahara haifiki, na kila siku wanamwona ofisa wa kigeni akikagua askari wa nchi yao. Juni 1908 mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikutana na Tsar huko Reval, yaani Tallinn ya leo, na uvumi ukaenea kwamba Makedonia imeshauzwa. Julai 3 Niyazi Bey, mmoja wa maofisa hao, akaingia milimani kutoka mji wa Resen na watu wake. Siku nne baadaye jenerali Şemsi Pasha, aliyetumwa kumkamata, akauawa mchana kweupe mjini Monastir. Kabla mwezi haujaisha Sultani alikuwa amerudisha katiba.

Dola zikaona mpango wao hauna nafasi tena chini ya serikali ya kikatiba, zikawaondoa maofisa. Mipaka ambayo kifungu cha tatu kiliahidi kuipanga ilikuja kuchorwa na vita vya 1912 na 1913, na waliogawana Makedonia walikuwa walewale watatu: Bulgaria, Ugiriki na Serbia.

Ramani ya yale maeneo matano iko pale ukutani, isogeleeni. Sasa nangoja maswali yenu, tukianza na nyinyi mliosimama huko nyuma.