Mwanafunzi aione sauti yake: kufundisha uimbaji wa klasiki kwa kompyuta na vihisi

Habari zenu, walimu na waimbaji. Leo tuna teno mchanga, yaani mwanamume wa sauti ya juu, na tutaiweka sauti yake kwenye skrini aione. Unahitaji kompyuta, maikrofoni na Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink.

Weka maikrofoni sentimita 30 kutoka mdomoni, na isisogee mpaka somo liishe. Kama kompyuta yako inachuja kelele yenyewe, zima hiyo kitu, la sivyo utamsahihisha mwanafunzi kwa kosa la mashine.

Sasa aimbe "a" kwenye noti ya hezi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde), aishikilie kidogo. Rekodi. Fungua picha ya sauti, ingia kwenye mipangilio ya spektrogramu (mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti katika kila kimo), urefu wa dirisha utoe 0.005 uweke 0.03. Umeona? Mistari imetengana: wa chini 220, unaofuata 440, kisha 660, hivyo hivyo kwenda juu.

Tazama karibu na hezi 3000. Kwake pamefifia. Hapo ndipo teno wa opera anapoishinda okestra bila kipaza sauti, kwa sababu nguvu kubwa ya okestra iko chini, karibu na 500. Mswidi Johan Sundberg, mtafiti wa sauti za waimbaji, alieleza inavyotokea: koo likipanuka, na kile kijia kilicho juu tu ya nyuzi za sauti kikabaki chembamba, nguvu hujikusanya pale. Kwa hiyo usimwambie "ongeza sauti", atakaza shingo bure. Mwambie avute pumzi kama anayeanza kupiga mwayo, kikoromeo kishuke chenyewe, kisha aimbe "a" ile ile kwa ukubwa ule ule. Rekodi tena, mlinganishe. Mistari ya pale 3000 ikikolea, muulize amehisi nini, na wapi. Aliandike jibu lake, maana jukwaani hatakuwa na skrini.

Kwa soprano, mwanamke wa sauti ya juu, kwenye noti za juu usiitafute alama hiyo ya 3000. Yeye hufungua mdomo zaidi kadiri anavyopanda, ili mvumo wa kinywa upande juu pamoja na noti.

Mwenye elektroglotografu, kifaa kinachoonyesha nyuzi za sauti zinavyogusana, aongeze hatua hii. Bandika vibati viwili, kimoja kila upande wa kikoromeo, mkanda usibane. Umeme unaopita ni hafifu mno, hausikiki mwilini. Nyuzi zikigusana unapita kwa urahisi, zikiachana unapungua, na mstari unakuonyesha. Aimbe kwa sauti ya kifua, kisha falseto, ile sauti nyembamba ya juu ya mwanamume: utaona muda wa kugusana umepungua. Kwa wanawake na watoto mstari huwa dhaifu mara nyingi, kwa hiyo usiwahukumu kwa huo. Na sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa si ya kupimwa hapa, ni ya daktari wa masikio, pua na koo.

Hatua ya mwisho naipenda kuliko zote. Geuza skrini asiione. Aimbe, kisha aseme mwenyewe kama mistari imekolea, ndipo mtazame pamoja. Akikisia sawasawa mara kadhaa, mpe wimbo. Akikosa, rudini kwenye "a" ile ya 220.