Kwani Alikuwa Nani Yako?

Wenzangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na shukrani kwa mwenyeji wetu aliyekubali nije kuzungumzia msiba katika mihadhara ya muziki.

Nitaanza na swali nililoulizwa. Alhamisi, tarehe 6 Desemba 2018, usiku, redio ilitangaza kwamba Pete Shelley, mwimbaji wa Buzzcocks, bendi ya panki, ule muziki wa gitaa wa kasi na kelele, ya Manchester, Uingereza, amefariki dunia mjini Tallinn, Estonia, alikokuwa akiishi na mkewe. Miaka 63. Moyo, walisema. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilikuwa nimeshika sahani ina povu, nikaiweka chini taratibu kama kitu cha kuazima, nikafuta mikono, nikakaa. Kesho yake kazini mwenzangu akaniona macho yamevimba, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, wala hakuwa na ubaya: "Kwani alikuwa nani yako?"

Nilikosa jibu. Nilisema nini sijui, nikajifanya nina kazi. Lakini swali lile halikuniacha, na ndilo lililonileta hapa leo.

Lugha yetu ina neno ambalo lugha nyingi hazina kwa wepisi huu: mfiwa. Aliyekufa amekufa, basi. Aliyefiwa ndiye anayebaki na shughuli. Na msibani kila mtu anajua nani ni mfiwa: anajulikana kwa mahali alipokaa, kwa watu wanaomwinamia na kumpa mkono wa pole. Shabiki hana mahali pale. Hakuwahi kula na marehemu, marehemu hakulijua jina lake. Akilia, anaonekana amejipachika kwenye kilio cha watu. Mimi nasema ni mfiwa, na ili nieleweke lazima niwaambie yule bwana aliandikaje nyimbo zake.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1955 mjini Leigh, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba. Jina lake la ukoo ni McNeish. Hilo la Shelley alijichagulia alipoanza muziki, na husimuliwa kwamba ndilo jina ambalo wazazi wangempa kama angezaliwa msichana. Likumbukeni hilo.

Chuoni Bolton alikutana na Howard Devoto, aliyekuja kuwa mwimbaji wa kwanza wa Buzzcocks. Mwaka 1976 vijana hawa wawili walisafiri kwenda kuwasikiliza Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakarudi wamechanganyikiwa kwa furaha, wakaamua kuwaleta Manchester wao wenyewe. Wakakodi ukumbi mdogo wa juu, Lesser Free Trade Hall, tarehe 4 Juni. Walioingia walikuwa wachache mno, inakadiriwa watu 40 hivi. Lakini miongoni mwao walikuwamo Peter Hook na Bernard Sumner, waliotoka pale wakaenda kuanzisha bendi iliyokuja kuitwa Joy Division. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Julai, Pistols walirudi ukumbini humo humo, na safari hii Buzzcocks wenyewe walipanda jukwaani kwanza.

Kisha ikaja santuri. Ninayo hapa, naomba mniruhusu niinyanyue muione. Inaitwa Spiral Scratch, ina nyimbo 4. Waliirekodi tarehe 28 Desemba 1976, wakaitoa mwishoni mwa Januari 1977 kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Fedha zilikuwa pauni 500 za kukopa kwa jamaa na marafiki, baba yake Shelley akiwa mmojawapo. Wakachapisha nakala 1,000 kwa kuanzia, hawana uhakika kama zitaisha. Mwishowe ziliuzwa karibu 16,000. Tazameni mgongo wa jalada: wameandika kila wimbo ulirekodiwa mara ngapi ndipo ukakubalika, na kama kuna sauti zilizoongezwa juu yake. Yaani wanakuonyesha mshono wa nguo kwa ndani. Wanakwambia: hii haina uchawi, hata wewe unaweza.

Na katika wimbo uitwao Boredom, mahali ambapo mpiga gitaa wa siku zile angejionyesha kwa vidole vinavyokimbia, Shelley anapiga noti mbili. Mbili tu. Anazirudia, anazirudia, anazirudia, mpaka unaanza kuzisubiri kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani santuri imekwama. Leo nadhani ni ujasiri mkubwa kuliko solo nyingi nilizozisikia maishani.

Muda mfupi baada ya santuri kutoka, Devoto akaondoka. Bendi ikabaki bila mwimbaji, na Shelley akalazimika kusogea kwenye maikrofoni.

Sauti yake haikuwa ya jukwaa. Nyembamba, ya juu, kama ya mtu anayejitetea mlangoni huku amekwisha kujua hataruhusiwa kuingia. Panki ya wakati ule ilikuwa ya kufoka: serikali, polisi, malkia. Huyu bwana akachukua kasi ile ile, gita lile lile la kelele, akaimba kupenda na kukataliwa. Dakika mbili, tatu, umekwisha. Panki yote tamu ya vijana iliyokuja baadaye, yenye kiitikio cha kuimba umefumba macho, ina deni kwa mtu huyu.

Novemba 1977 walikuwa ziarani Edinburgh. Jioni, katika nyumba ya wageni, televisheni ilikuwa ikionyesha filamu ya muziki, na maneno ya mhusika mmoja yakamkaa kichwani. Kesho yake, gari lao likiwa limeegeshwa nje ya posta, akakaa ndani akaandika mashairi. Ndio wimbo wa Ever Fallen in Love, uliotoka mwaka 1978 ukapanda hadi namba 12 katika chati ya Uingereza. Unauliza swali moja: umewahi kumpenda mtu ambaye hukupaswa kumpenda?

Hapa ndipo penye moyo wa mazungumzo yangu, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Nilipojaribu kuwaeleza wenzangu wa Uingereza kwa nini nilimpenda Shelley, wao walitangulia kusema jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona. Walisema: katika nyimbo zake hujui kama anampenda mwanamume au mwanamke. Shelley, aliyewapenda wanaume na wanawake, alikwepa makusudi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke, ukisimulia mapenzi kinakubana kooni utaje. Yeye alikwepa kwa kubaki kwenye "mimi" na "wewe". Wimbo baada ya wimbo, miaka na miaka. Ni kazi ngumu, jaribuni. Baadaye alieleza kwamba ule wimbo wa Edinburgh alimwandikia mwanamume aliyewahi kuishi naye. Na mwaka 1981, alipotoa Homosapien akiwa peke yake na kusema waziwazi zaidi, BBC iliupiga marufuku.

Mimi sikuona kitu kwa sababu nilikuwa namsikiliza kwa Kiswahili kichwani. Nilikuwa natafsiri huku nasikiliza, kama wengi wetu tulivyojifunza nyimbo za kigeni. Na Kiswahili kinasema nini? Nampenda. Amenikataa. Mpenzi wangu. Nani huyo? Lugha haikuulizi. Shelley alihangaika kuujenga ndani ya Kiingereza mlango ambao kwetu uko wazi tangu nyumba ilipojengwa. Siku nilipolitambua hilo nilisimama katikati ya chumba nikacheka peke yangu kwa furaha.

Sasa tazameni matokeo yake kwa msikilizaji. Mwimbaji anaposimulia mapenzi yake na fulani mwenye jina na nywele na gauni, wewe ni mtazamaji, umekaa pembeni. Anapokupa "mimi" na "wewe" vitupu, hakuna pa kukaa isipokuwa ndani. Mvulana wa miaka 15 aliyempenda mvulana mwenzake na hana wa kumwambia, aliingia. Msichana aliyeachwa, aliingia. Bwana wa makamo aliyeoa na moyo wake uko kwingine, naye aliingia, akanyamaza. Nami niliingia. Sitawaambia nilikuwa nampenda nani, lakini kuna mwaka mzima wa maisha yangu ambao hakuna binadamu aliyejua kinachoendelea ndani yangu isipokuwa ile sauti nyembamba.

Basi mtu akikutunzia siri namna hiyo kwa miaka 30, siku akifa, wewe si mfiwa?

Wapo wanaosema shabiki anajililia mwenyewe, analilia ujana wake. Nakubali kuna ukweli. Usiku ule sikumlilia Shelley peke yake, nililia na kile chumba, na yule mtu ambaye sikupaswa kumpenda. Lakini niambieni, msiba gani haulii hivyo? Mtu akifiwa na shangazi, analia na shangazi, na sauti ya nyumba ile, na utoto wake mwenyewe aliouacha pale. Hatumwambii kwamba kilio chake ni bandia.

Kinachoniudhi, na nitakisema wazi, ni mashindano. Msanii akifa, wanatokea watu wa kupima machozi ya wengine: wewe umemjua lini, wewe unajua wimbo mmoja tu. Muacheni mwenye wimbo mmoja. Huenda huo mmoja ulimvusha usiku ambao wewe ulikuwa umelala.

Kabla Shelley hajafa, bendi ilikuwa imeshapanga kupiga Royal Albert Hall, London, tarehe 21 Juni 2019. Hawakuahirisha. Onyesho likawa la kumuaga. Steve Diggle, aliyekuwa kwenye bendi tangu mwaka ule wa 1976, aliongoza, na waimbaji wengine wakapokezana nyimbo za marehemu: Pauline Murray, Dave Vanian na Captain Sensible, Peter Perrett, Tim Burgess, Richard Jobson, Thurston Moore. Wazee wetu wanasema kifo cha wengi harusi. Zamani niliuona msemo huo mkavu, hauna huruma. Nikiufikiria ukumbi ule wa mviringo, maelfu ya watu ambao kila mmoja alikuwa amekaa na msiba wake jikoni kwake miezi sita hana wa kumpa pole, nauelewa vingine.

Diggle aliendelea na bendi, wakatoa albamu mpya mwaka 2022. Kuna mashabiki hawakupenda. Mimi naona ana haki. Yeye ni mfiwa wa mbele kuliko sisi sote, na mfiwa haulizwi kwa nini amerudi shambani.

Nimalizie habari ya mwenzangu wa kazini. Siku ile ya Ijumaa, wakati wa mapumziko, nilimfuata nikampa visikilizi vya masikioni, nikamwekea ule wimbo wa Edinburgh, nikakaa karibu naye. Kiingereza chake si kingi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikigonga meza mahali ngoma zinapoingia. Ulipokwisha alibaki vilevile kwa muda, akidhani kuna kingine kinafuata. Kisha akavivua, akavitazama mkononi, akasema: "Mbona umekwisha mapema hivi?"

Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akavirudisha masikioni.

Fundi wetu, naomba utuwekee. Ni dakika 2 na sekunde 40 na kitu.