Bendera Mbili Ndani ya Moja: Kwa Nini Rangi za Tanzania Zimelazwa Mshazari

Wazee wangu shikamooni, na ninyi ndugu na vijana wenzangu mlioko nyumbani, hamjambo. Nawasalimu kutoka Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, ambako Watanzania tunaoishi huku tunajiandaa kuadhimisha Siku ya Muungano. Mimi nimepewa kazi ya kuwaeleza watoto wetu waliozaliwa huku maana ya bendera ya taifa. Yale tuliyofundishwa shule ya msingi bado ni kweli: kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu, bluu ni bahari, maziwa na mito, na dhahabu ni madini. Hata hivyo, mtoto akiitazama bendera hii kwa makini atauliza swali ambalo orodha hiyo ya rangi haiwezi kulijibu, yaani kwa nini rangi zetu zimelazwa mshazari, ilhali Kenya na Uganda wamezipanga zao juu na chini. Jibu lake limo katika historia, na ndiyo historia ninayotaka kuisimulia leo.

Kabla ya uhuru, nchi yetu ilipepewa na bendera za watu wengine. Mji huu ninaoishi una sehemu yake katika jambo hilo, kwa kuwa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwezi Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mtu wa Leipzig na alifia hapa mwaka 1929. Alipofika juu alisimika bendera ya Ujerumani na kukipa kilele kile jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wao, katika mlima ambao Wachaga walikuwa wakiishi chini yake vizazi na vizazi. Wajerumani waliondolewa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaingia na bendera yao, wakabuni na nembo ya kichwa cha twiga kwa ajili ya Tanganyika. Alama hiyo ya twiga ilikuwa ya kupendeza, lakini haikuwa na neno lolote juu ya watu wa nchi ile.

Watu waliingia katika bendera kupitia chama. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na bendera ya kijani, nyeusi na kijani, na wanachama wake waliibeba vijijini na mijini katika miaka ile ya kudai uhuru. Uhuru ulipokaribia, bendera hiyo ya chama ndiyo iliyotumika kama msingi wa bendera ya taifa, ukaongezwa mstari mwembamba wa dhahabu juu na chini ya rangi nyeusi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa na hii mpya ikapandishwa. Kule Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele kilekile cha Meyer, na tangu hapo tunakiita Uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa ametamka miaka miwili kabla, mwaka 1959, kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima ule umulike hata nje ya mipaka yetu. Ninaishi katika mji wa Meyer, na ninaona fahari isiyo na kificho kila ninapoisimulia habari hii.

Sasa tuvuke bahari. Zanzibar ilikuwa na bendera nyekundu ya masultani wa ukoo wa Busaidi, ambao asili yao ni Oman. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani, katikati ya wekundu ule liliwekwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Bendera hiyo haikumaliza miezi miwili, kwani Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na kabla mwezi ule haujaisha Zanzibar ilikuwa na bendera nyingine yenye rangi za chama cha Afro-Shirazi, yaani bluu juu, nyeusi katikati na kijani chini, pamoja na ukanda mwembamba mweupe kandokando ya mlingoti. Ninajua kwamba miongoni mwenu wako wanaoukumbuka mwaka ule kwa furaha na wako wanaoukumbuka kwa msiba, na siwezi kuisimulia bendera ile kana kwamba ilipanda bila damu kumwagika.

Tarehe 26 Aprili 1964 nchi hizi mbili ziliungana. Hapa ndipo ninapoomba muwe nami kwa makini, kwa sababu waliounda bendera ya Muungano walikuwa na bendera mbili mkononi, zote zimepangwa kwa tabaka, na zote zina nyeusi na kijani. Kama wangeendelea na mpango uleule wa juu na chini, ingelazimu rangi ya upande mmoja ikae juu ya rangi ya mwenzake. Walichofanya ni kuuchukua ule ukanda mweusi wenye mistari yake ya dhahabu kutoka Tanganyika na kuulaza kutoka pembe ya chini iliyo kwenye mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili, wakaacha pembetatu mbili zinazolingana kabisa, moja ya kijani na nyingine ya bluu. Dhahabu imetoka Tanganyika, bluu imetoka Zanzibar, nyeusi na kijani zimetoka kote kuwili. Kwa mtazamo wangu, huo ni uamuzi wa busara kubwa, maana tofauti ya ukubwa kati ya bara na visiwa ni kubwa mno, na bado katika kitambaa hiki kila upande una eneo sawa na mwenzake, na kinachokaa katikati ya pembetatu zote mbili ni rangi ya watu.

Bendera hii ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964. Wakati huo nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina la Tanzania lilikuja mwezi Oktoba, kwa hiyo bendera ya Tanzania ni kongwe kuliko jina Tanzania. Vilevile, wakati dhahabu ile inawekwa pale, tanzanaiti ilikuwa bado haijagunduliwa, kwani ilipatikana Mererani mwaka 1967. Almasi ya Mwadui, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1940.

Bara halikubaki na bendera yake peke yake. Ile ya Tanganyika imeingia ndani ya Muungano na kubaki katika kumbukumbu. Zanzibar nayo ilikaa miaka mingi bila bendera yake, mpaka Januari 2005, ilipoanza kupandisha bendera ya bluu, nyeusi na kijani, ikiwa na bendera ndogo ya Tanzania katika pembe ya juu ya upande wa mlingoti. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni dalili ya kujitenga. Mimi siafikiani nao, kwa sababu bendera ambayo imeibeba bendera ya Muungano mahali pa heshima kuliko pote haiwezi kuwa imeukana.

Huku ughaibuni kuna jambo moja la bendera ninalolikosa sana. Nyumbani, ifikapo saa kumi na mbili jioni, ukiwa jirani na kituo cha polisi au ofisi ya serikali, kipenga kinapulizwa na kila mtu anasimama: mama aliyebeba ndoo, mwendesha baiskeli anashuka, mwanafunzi ananyamaza, hadi bendera ishuke yote. Nimejaribu kuwaeleza majirani zangu hapa, nao wanasikiliza kwa adabu, ila naona wazi kwamba hawajapata kuona mtaa mzima ukitulia kwa ajili ya kitambaa.

Mwisho, nawaomba ninyi mnaopamba kumbi na majukwaa, kwani mwaka uliopita niliona bendera yetu imetundikwa juu chini katika hafla moja kubwa na hakuna aliyegutuka. Kosa hilo ni rahisi kufanyika. Angalieni hii niliyoishika mbele ya kamera. Nikiigeuza juu chini, ukanda mweusi unabaki umelala vilevile kama ulivyokuwa, na mtu aliye mbali atadhani kila kitu kiko sawa. Kinachobadilika ni pembetatu tu. Basi msiutazame ukanda, tazameni rangi za pembeni: unapoitundika ukutani, kijani kiwe juu, mkono wa kushoto wa anayeitazama, na bluu iwe chini, mkono wake wa kulia. Ikipandishwa mlingotini, kijani ndicho kinachokaa juu, kikiwa kimeshikana na mlingoti. Mwenye kushona au kuchapisha bendera kwa ajili ya tarehe 26 Aprili azingatie pia kwamba upana wake ni theluthi mbili za urefu, na mistari ya dhahabu iwe miwili, yenye wembamba uleule, kila mmoja upande wake wa ukanda mweusi.